Mdogo wangu alitaka kumtumia mama matone ya bangi kutoka Ujerumani. Nilichomjibu ni hiki

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu, nanyi mtanivumilia, kwa sababu tangu mwaka jana nimekuwa nikiulizwa swali moja na ndugu, majirani na hata waumini wenzake mama, na kila mara nimejibu kwa ufupi usiostahili: je, ni kweli kwamba huko Ulaya bangi huandikwa na daktari kama dawa ya maumivu, na kama ni kweli, kwa nini mama yangu asiipate?

Mama ana miaka 71 na anaishi Moshi. Miaka miwili iliyopita aliugua mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi. Malengelenge yalikauka baada ya wiki chache yakaacha makovu, lakini maumivu yalibaki. Virusi vya mkanda wa jeshi ni vilevile vya tetekuwanga. Mtu akishapona tetekuwanga utotoni, vyenyewe havitoki mwilini bali hujificha kwenye mizizi ya neva kwa miaka mingi, na vikiamka uzeeni huweza kuijeruhi neva yenyewe, ikaendelea kulia hata pale ambapo hakuna tena anayeipiga. Mama hawezi kufunga kanga upande ule. Akivaa blauzi hutanguliza kitambaa laini kati ya nguo na ngozi, maana anasema pamba ikimgusa tu ni kama anapigwa msasa wa seremala. Usiku hulala ameketi kwenye kochi, ameegemea kulia.

Kituo cha kwanza tulichompeleka, daktari alimtazama kwa dakika zisizofika tano, akasema, "Bibi, huo ni uzee," akamwandikia diklofenaki. Alizimeza miezi minne mpaka tumbo likaanza kumwaka moto, na ubavu ukabaki vilevile.

Hapo ndipo mdogo wangu, ambaye anafanya kazi ghalani Ujerumani na ana tatizo la mgongo la siku nyingi, alipopiga simu. Alisema yeye anatumia matone ya bangi aliyoandikiwa na daktari, bima inalipa, naye angemtumia mama chupa moja ndani ya kifurushi cha nguo. Nilimwomba anipe wiki mbili. Zikawa miezi miwili, kwa sababu kila nilichosoma kilinipeleka kwenye kingine.

Kwanza niseme kwamba jambo lenyewe si uzushi, wala si la juzi. Neno letu "bangi" lilivuka bahari kutoka India, na huko huko India, mjini Calcutta, daktari wa Kiayalandi aitwaye William O'Shaughnessy aliandika mwaka 1839 jinsi alivyowapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa zilizotengenezwa kwa mmea huo. Katika zama zetu, jimbo la California lilifungua mlango mwaka 1996, Kanada ikafuata 2001, Ujerumani Machi 2017 na Uingereza Novemba 2018. Barani kwetu Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, na jirani zetu wa Rwanda waliidhinisha Oktoba 2020 kilimo chake kwa ajili ya kuuza nje, huku matumizi ya mitaani yakibaki marufuku. Mwaka huo huo, tarehe 2 Desemba, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye kundi la dawa hatari kupindukia zisizodhaniwa kuwa na faida kubwa ya tiba. Kura zilikuwa 27 kwa 25, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliokataa.

Jinsi inavyofanya kazi inaeleweka kiasi. Mwili wetu wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na zile za bangi. Ya kwanza, anandamaidi, iligunduliwa mwaka 1992. Kemikali hizo hushika kwenye vipokezi vilivyotapakaa katika ubongo, uti wa mgongo na neva, na kazi yake mojawapo ni kupunguza nguvu ya ujumbe unaopita kati ya neva na neva, ukiwemo ujumbe wa maumivu. THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, hushika vipokezi hivyo hivyo. CBD, kemikali nyingine ya mmea huo, hailewishi na hufanya kazi kwa njia nyingine. Aidha, katika sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji vipokezi hivyo ni vichache sana, na ndiyo maana bangi haimsimamishi mtu pumzi kama mofini ikizidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na watetezi wa bangi wana haki ya kuitaja.

Lakini kueleweka kwa njia si sawa na kuonekana kwa matokeo, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 taasisi ya kitaifa ya sayansi na tiba ya Marekani ilitoa ripoti kubwa ikisema upo ushahidi wa kutosha kwamba bangi husaidia maumivu sugu kwa watu wazima. Sentensi hiyo ndiyo inayozungushwa mitandaoni. Haizungushwi ile ya Machi 2021, ambapo jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilitangaza kwamba haiwezi kuunga mkono matumizi ya jumla ya bangi kwa maumivu, kwa kuwa tafiti zilizopo hazina ubora unaotakiwa. Nilidhani mmoja wao anadanganya. Baadaye nilielewa kwamba wanatazama mlima mmoja wakiwa pande mbili: msaada upo, ila ni mdogo.

Ni mdogo kiasi gani? Mwaka 2021 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 32 yenye wagonjwa zaidi ya 5,000. Ukichukua wagonjwa 100 wakapewa dawa ya bangi isiyovutwa, na wengine 100 wakapewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu cha kutibu ndani yake, ili kulinganisha, kundi la kwanza litakuwa na watu wapatao 10 zaidi waliopata nafuu ya angalau hatua moja kwenye kipimo cha hatua kumi. Watu kumi si haba, hasa ukiwa mmoja wao. Lakini maana yake pia ni kwamba wengine wengi hupata kizunguzungu na usingizi bila nafuu iliyo zaidi ya ile ya dawa bandia. Mwaka 2025 Wajerumani wakatoa jaribio kubwa la watu 820 wenye maumivu sugu ya chini ya mgongo, waliotumia dondoo ya bangi au dawa bandia kwa wiki 12. Waliopewa dondoo walishuka karibu hatua mbili, na ukitoa ile sehemu ambayo dawa bandia nayo ilifikia, tofauti inayobaki ni 0.6 ya hatua.

Uingereza ina kituko chake. Sheria iliruhusu madaktari bingwa kuandika bangi mwaka 2018, na mwaka uliofuata taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ikawaambia madaktari hao wasiiandike kwa maumivu sugu, isipokuwa CBD ndani ya majaribio rasmi. Sheria ikasema ndiyo, tiba ikasema subiri. Kwetu huku mambo ni kinyume: mjadala hufika kwa mwanasiasa kabla haujafika kwa daktari, kama tulivyoona Kenya mwaka 2022 pale mgombea urais George Wajackoyah alipoifanya bangi kuwa sera ya uchumi. Mgonjwa alitajwa kwa nadra.

Kuhusu sheria yetu sitazunguka. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na chupa ya matone yenye THC ndani ya kifurushi cha nguo ni dawa ya kulevya iliyoingizwa nchini, hata kama juu yake pamebandikwa jina la famasi ya Ujerumani. Kifungo cha kosa hilo hakihesabiwi kwa miezi, na jina la mpokeaji kwenye kifurushi lingekuwa la mama.

Hata hivyo, sheria siyo iliyoniamulia. Kilichoniamulia ni jambo moja ambalo kila mwongozo nilioufungua ulilirudia: hata pale bangi inaporuhusiwa, hupewa mgonjwa ambaye dawa za kawaida zimemshinda au hazimfai. Nikajiuliza mama ameshindwa na dawa zipi. Diklofenaki ni dawa ya uvimbe, na maumivu ya neva iliyojeruhiwa huipuuza. Dawa zinazoanza kutolewa kwa maumivu ya aina hii ni amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, gabapentini au pregabalini, na krimu ya kemikali ile ile inayowasha kwenye pilipili. Kwa miaka miwili mama hakuwa amepewa hata moja. Dawa hazikumshinda, alikuwa hajapewa.

Nilimjibu mdogo wangu: usitume. Tumempeleka mama kwa daktari mwingine, na nitaeleza tulipofikia. Karibuni kwa maoni, hasa wenye uzoefu.

Mkongwe wa Sirari

Ndugu mleta mada, nakupongeza kwa kazi, lakini naona umewaachia Wazungu neno la mwisho kuhusu mmea ambao wazee wetu waliujua kabla ya hizo taasisi. Babu yangu alichemsha majani yake akajikanda magoti, na aliishi mpaka akazika wanawe watatu. Isitoshe, huko huko Marekani ilionekana kwamba majimbo yaliyoruhusu bangi ya tiba yalipunguza vifo vya watu wanaozidisha dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Iweje leo uiite dawa ndogo? Kampuni za dawa haziwezi kuuza kitu ambacho mtu anaweza kukipanda nyuma ya choo.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo, kama kweli jina lako linaendana na umri. Utafiti unaoutaja naujua. Ulitoka mwaka 2014 ukionyesha kwamba kati ya 1999 na 2010 majimbo hayo yalikuwa na vifo pungufu kwa karibu asilimia 25. Mwaka 2019 watafiti wengine walichukua hesabu ile ile wakaiendeleza hadi 2017, na uhusiano ukageuka: majimbo hayo yakawa na vifo zaidi, kwa karibu asilimia 23. Mimi sisomi kwamba bangi iliua watu. Ninachosoma ni kwamba hesabu ya jimbo zima haiwezi kukueleza kilichompata mgonjwa mmoja kitandani kwake. Waaustralia ndio waliowafuata wagonjwa wenyewe, zaidi ya 1,500 wenye maumivu sugu, kwa miaka minne. Waliokuwa wakitumia bangi hawakuwa na maumivu kidogo kuliko wengine, wala haikuonekana kwamba walipunguza dawa zao za jamii ya mofini.

Kuhusu babu, sibishi. Maji ya moto kwenye magoti yanasaidia, na mkono wa mjukuu anayekanda unasaidia pia. Kwa hiyo siwezi kujua majani yaliongeza nini. Na kampuni za dawa sizitetei, ila lile jaribio la watu 820 ni la kampuni inayotaka kuiuza hiyo hiyo bangi.

Mfamasia Mstaafu

Mleta mada amegusa karibu yote, nami nitaongeza yale ambayo mtu husimuliwa dirishani na wagonjwa wanaonong'ona.

La kwanza ni kipimo. Dawa ya kupuliza mdomoni inayotumika Uingereza kwa wagonjwa wa misuli iliyokakamaa hutoa miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD kila ikibonyezwa, si zaidi wala pungufu. Msokoto wa mtaani hauna kipimo: wa leo si wa kesho, na aliyekuuzia hajui zaidi yako. Msije mkadhani kwamba mafuta ya CBD yanayouzwa mitandaoni yamekwepa shida hiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za namna hiyo wakazipima, na ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Nyingine zilikuwa na THC ambayo mnunuzi hakuambiwa.

La pili ni muda. Moshi hufika kichwani ndani ya dakika chache, lakini ukila au ukinywa unaweza kungoja saa moja au mbili. Mgonjwa hula kipande, haoni kitu, anaongeza, kisha vyote viwili vinamkuta kwa pamoja. Ataogopa, moyo utamwenda mbio, nanyi mtamkimbiza hospitali mkidhani ni kiharusi.

La tatu ndilo linalomhusu mama yako moja kwa moja. Amitriptilini huleta usingizi, hukausha mdomo na huongeza mapigo ya moyo, na THC hufanya hayo hayo. Kwa kijana ni usumbufu. Kwa mama wa miaka 71 anayeamka usiku kwenda msalani gizani, ni nyonga iliyovunjika. Wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, waogope zaidi, kwa kuwa bangi inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi. Nawaomba wote mnaotumia kimyakimya mumwambie daktari wenu. Hatawaitia polisi, na akiijua ataacha kushangaa kwa nini dawa zake zinafanya maajabu.

Binti wa Igunga

Naandika kama mgonjwa. Nina selimundu tangu utoto, na mwenye selimundu hahitaji kuelezwa maumivu ni nini. Nikiwa chuoni nilivuta bangi kwa karibu mwaka mzima, nikiamini inanipunguzia vipindi vya maumivu. Kusema kweli sikumbuki kama mifupa iliacha kuuma. Nakumbuka kwamba sikujali sana kwamba inauma. Kuna usiku jambo hilo lilinitosha kabisa, na sitamhukumu mgonjwa yeyote anayelitafuta.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa California waliwapa watu wazima 23 wenye selimundu mvuke wa bangi na mvuke bandia kwa zamu, wakachapisha matokeo mwaka 2020: tofauti ya maumivu haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika kitakwimu, ila bangi ilipunguza jinsi maumivu yalivyowaharibia hali ya moyo. Nilishtuka, kwa maana ndivyo hasa ilivyokuwa kwangu. Niliacha kwa sababu ya kifua. Kwetu sisi mapafu ndiyo mlango ambao mauti hupenda kubisha, na kuujaza moshi ni kumkaribisha. Sasa natumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, na vipindi vimepungua kutoka kila mwezi hadi mara mbili au tatu kwa mwaka.

Mdogo Mtu

Kaka, shikamoo. Mdogo unayemtaja ni mimi, na kwa kuwa umeniweka hadharani, naomba nami niseme langu.

Sikuanza na bangi. Nilipitia mazoezi ya viungo, dawa mbili za neva na sindano za mgongoni kwanza, na hapo ndipo daktari alipojaza fomu ya bima. Nilianza na matone mawili usiku, na kwa dawa yangu tone moja lina THC isiyofika miligramu moja. Tuliongeza tone moja kila baada ya siku chache mpaka nikafika tisa, kisha tukarudi saba kwa sababu asubuhi nilikuwa mzito kama niliyetoka kwenye ngoma. Wiki ya tatu nilianza kulala saa tano mfululizo. Mgongo bado unauma, lakini nilikuwa nimesahau mtu aliyelala anavyofanana.

Niseme pia ambalo sikukuambia kwenye simu. Ghalani nilihamishwa kutoka kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo nikawekwa kwenye kuhesabu, kwa sababu nilitoa taarifa ya dawa ninayotumia, na mshahara ukapungua. Na mwaka jana nilipojaribu kuacha ghafla, nilikaa siku sita bila usingizi, hasira karibu, nikimfokea mke wangu kwa mambo ya chumvi. Kwa hiyo sikatai ulichoandika. Nilitaka tu mama alale. Ile sauti yake ya saa nane usiku kwenye simu huijui kama ninavyoijua mimi, kwa sababu ni mimi anayenipigia.

Mleta mada

Marahaba, mdogo wangu. Hilo la simu za saa nane sikulijua, na mama hakuniambia.

Nawashukuru nyote. Niliahidi kueleza tulipofikia. Daktari wa pili alimwandikia amitriptilini ya miligramu 25, akaagiza aanze na nusu kidonge saa mbili usiku. Mimi hukigawa kwa wembe juu ya kisahani, maana kikikatwa kwa kisu hupasuka vumbi. Baada ya wiki mbili akapanda hadi kidonge kizima, na mwezi uliopita akaongezewa gabapentini. Mdomo unamkauka, kwa hiyo kikombe cha maji hakitoki kando yake, na tumeweka taa ndogo kwenye njia ya msalani, kama alivyoonya Mfamasia. Nilimsomea habari za matone ya bangi zote mbili, ya nafuu na ya madhara, kwa sababu mwili ni wake. Aliuliza maswali mawili tu: kama yanalevya, na kama mchungaji atajua.

Daktari alimpa daftari la kuandika maumivu kila jioni, kutoka sifuri hadi kumi. Alipoanza aliandika 9 kwa siku kumi na moja mfululizo. Wiki iliyopita linasomeka hivi: Jumatatu 7, Jumanne 6, Jumatano 6, Alhamisi 8, kwa kuwa alikwenda msibani akakaa kutwa kwenye benchi lisilo na egemeo, Ijumaa 6, Jumamosi 5, Jumapili 5. Jumapili hiyo alifunga kanga hadi kanisani, akaifungua ndani ya gari tulipokuwa tunarudi.